Mtaalamu Asemapo, Jaji Afanye Nini? Upimaji wa Ushahidi wa Kitaalamu na Ulinzi wa Haki za Binadamu katika Mahakama za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majaji na mahakimu wa Afrika Mashariki wanavyoupima ushahidi wa kitaalamu katika mashauri yanayogusa haki za msingi za watu. Kwa kurejelea mashauri yaliyoamuliwa Tanzania na Kenya, pamoja na lile la Waogiek lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, makala yanatetea hoja moja: haki hailindwi na jaji anayemtii mtaalamu, wala na jaji anayejigeuza mtaalamu, bali na jaji anayedai sababu. Mtaalamu anapaswa kueleza ameona nini, amefikiaje hitimisho lake na hitimisho hilo linakomea wapi, kwa namna ambayo mtu anayeathirika anaweza kuisikia, kuielewa na kuipinga. Kwa kuwa kuelewa hutangulia kupinga, sehemu ya mwisho inajadili nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo na kutoa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Katika mahakama za chini za ukanda huu, mshtakiwa asiye na wakili huulizwa swali fupi pale hati ya daktari inapotolewa iwe kielelezo: je, una pingamizi? Jibu nalo mara nyingi huwa fupi: sina. Hati yenyewe imejazwa kwa mwandiko wa haraka, kwa Kiingereza kilichochanganyika na istilahi za Kilatini. Aliyeulizwa hajui kilichoandikwa humo, na huenda hajui kwamba anayo haki ya kudai aliyeiandika aletwe mahakamani. Kwa neno hilo moja, maoni ya mtu ambaye mshtakiwa hajapata kumsikia huingia katika kumbukumbu za shauri ambalo, kama ni la ubakaji nchini Tanzania, adhabu yake kwa kawaida haipungui kifungo cha miaka 30.

Upande wa pili wa meza hiyo hiyo yupo mlalamikaji. Huenda ni mtoto ambaye hana shahidi mwingine aliyeona yaliyompata, na ambaye uangalifu wa daktari katika kuandika alichokikuta ndio utakaoamua iwapo maneno yake yatapata wa kuyaunga mkono. Hivyo ushahidi wa kitaalamu hauko upande wa haki za mshtakiwa wala upande wa haki za mhanga. Unaweza kulinda haki za wote wawili, na unaweza pia kuziangamiza. Tofauti inatokana na namna jaji anavyoupokea na kuupima.

Hatari anazokabiliana nazo jaji ni mbili. Ya kwanza ni unyenyekevu uliopita kiasi: kwa kuwa hakusomea tiba, kemia wala ikolojia, anaichukua kauli ya mtaalamu kama ilivyo na kuiandika katika hukumu yake. Ya pili ni kiburi: kwa kuwa sheria inamwambia kuwa hafungwi na maoni hayo, anayaweka kando bila kueleza kwa nini. Hatari zote mbili zina matokeo yanayofanana. Anayeshindwa kesi huondoka mahakamani bila kujua ameshindwa kwa sababu gani, na mahakama ya rufani hukosa cha kukagua.

2.0 Maoni ya Mtaalamu Mbele ya Sheria

Kanuni ya jumla ya sheria ya ushahidi ni kwamba shahidi husema alichokiona, alichokisikia au alichokitenda. Kazi ya kutoa maoni ni ya mahakama. Mtaalamu ni miongoni mwa wachache walioruhusiwa kupita mpaka huo. Ruhusa hiyo, kwa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, ilitufikia kupitia India: kifungu cha 45 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ndicho kilichozaa masharti yanayofanana katika sheria za ushahidi za Uganda, Kenya na Tanzania. Nchini Tanzania sharti hilo lilikuwa kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushahidi ya 1967, na nchini Kenya ni kifungu cha 48. Vifungu hivyo vinaruhusu maoni ya watu wenye ujuzi maalumu katika masuala ya sheria za kigeni, sayansi au sanaa, na utambuzi wa mwandiko au alama za vidole. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilianzia katika mapokeo ya bara la Ulaya, ambamo mahakama yenyewe ndiyo humteua mtaalamu na kumpa maswali ya kujibu.

Mapokeo haya mawili yana udhaifu unaotofautiana. Pale ambapo kila upande unaleta mtaalamu wake, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: aliyelipwa na mdaawa hujikuta akimtetea mdaawa. Pale ambapo mtaalamu ameteuliwa na mahakama, kishawishi ni kumwona kama sauti ya mahakama yenyewe, hivyo kutomhoji ipasavyo. Hakuna mfumo unaomwondolea jaji wajibu wa kupima.

Mahakama za ukanda huu zimelisema jambo hilo mara nyingi. Katika Agnes Doris Liundi dhidi ya Jamhuri, [1980] TLR 46, na tena katika Hilda Abel dhidi ya Jamhuri, [1993] TLR 246, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa mahakama hailazimiki kuukubali ushahidi wa daktari endapo zipo sababu nzuri za kutoukubali. Mahakama za Kenya nazo zimeshikilia kuwa maoni ya mtaalamu hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote, hata kama hayapaswi kutupwa ovyo. Msisitizo unaostahili kuwekwa hapa ni katika maneno mawili: sababu nzuri. Uhuru wa jaji wa kukataa maoni ya mtaalamu unaambatana na deni la kueleza. Deni hilo hilo analo anapoyakubali.

Uzito wa deni hilo unaonekana katika mashauri ya mauaji ambamo afya ya akili ya mshtakiwa inabishaniwa. Pale ambapo sheria imeweka adhabu moja tu ya kifo, maoni ya daktari wa akili ndiyo yanaweza kutenganisha uhai na kitanzi, na baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani hakuna tena nafasi ya mtaalamu mwingine kusikilizwa kuhusu malezi yake, maradhi yake au uwezekano wa kurekebika kwake. Hii ni sura isiyotajwa sana ya adhabu ya kifo ya lazima: inamfunga mdomo mtaalamu katika hatua ambayo angehitajika zaidi. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu la Desemba 14, 2017, iliitangaza adhabu hiyo ya lazima kwa kosa la mauaji kuwa kinyume cha Katiba, na kuufungua mlango wa nafuu na utetezi wa kupunguziwa adhabu. Mnamo Novemba 28, 2019, katika Ally Rajabu na Wenzake dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua kuwa adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari yoyote inakiuka haki ya kuishi. Maamuzi yote mawili yanarudi katika wazo moja: jaji asiyeruhusiwa kupima hawezi kulinda.

3.0 Haki ya Kumsikia na Kumhoji Mtaalamu

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku ni fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3 nchini Tanzania. Mtu aliyejeruhiwa au kubakwa hupewa fomu hiyo kituoni, huipeleka hospitalini, daktari humchunguza na kujaza alichokikuta, kisha fomu hurudi polisi na hatimaye kufika mahakamani. Kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama kilivyotumika katika mashauri yanayojadiliwa hapa, kiliruhusu taarifa kama hiyo kupokewa bila daktari kufika. Ruhusa hiyo ina mantiki: madaktari ni wachache, wilaya ni kubwa, na mgonjwa wa leo hawezi kuachwa kwa sababu ya kesi ya mwaka jana.

Hata hivyo, kifungu kidogo cha (3) kiliweka sharti. Mahakama ilipaswa kumweleza mshtakiwa kuwa ana haki ya kutaka aliyeiandika taarifa aitwe ili ahojiwe, na akidai hivyo lazima aitwe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelichukulia sharti hili kwa uzito. Katika mfululizo wa rufaa, PF3 iliyopokewa bila mshtakiwa kuelezwa haki hiyo imeondolewa katika kumbukumbu za shauri, na mahakama imeendelea kupima ushahidi uliobaki. Wakati mwingine ushahidi uliobaki umetosha kuendeleza hatia. Wakati mwingine haukutosha, na mrufani ameachiwa huru.

Wapo wanaouona msimamo huo kuwa ni ufundi wa kisheria unaomwokoa mhalifu. Lawama hiyo inastahili jibu. Haki ya kumhoji daktari inalinda ukweli wenyewe, kwa kuwa maswali ya dodoso ndiyo yanayobainisha mambo ambayo fomu haisemi: uchunguzi ulifanyika saa au siku ngapi baada ya tukio? Maneno yaliyoandikwa ni yale daktari aliyoyaona, au ni yale aliyoambiwa na aliyemleta mgonjwa? Jeraha lililoelezwa lingeweza kusababishwa na nini kingine? Fomu haijibu maswali hayo, mtu hujibu. Na mahakama ikizingatia sharti hilo tangu mwanzo, mlalamikaji naye analindwa, kwa sababu ushahidi wake hautapoteza nguzo miaka kadhaa baadaye katika rufaa kwa kosa ambalo si lake.

Mahakama hiyo hiyo imechora pia mpaka wa kile daktari anachoweza kukisema. Katika Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, [2006] TLR 379, ilieleza kuwa taarifa ya daktari inaweza kusaidia kuonesha kwamba tendo la kujamiiana lilifanyika, lakini haithibitishi peke yake kuwa palikosekana ridhaa, hata kama michubuko imeonekana. Ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Uamuzi huo unamkinga mshtakiwa dhidi ya hati inayodai kusema zaidi ya inachojua, na unamkinga mhanga dhidi ya dhana kwamba bila alama mwilini hakuna kosa. Mahakama ilipouweka utaalamu mahali pake, sauti ya mtu aliyetendewa ilipata nafasi yake.

4.0 Namna Ushahidi Unavyopatikana

Kabla ya kuuliza kipimo kinasema nini, jaji hana budi kuuliza kimepatikanaje. Shauri la watu wawili waliokamatwa Ukunda, katika Kaunti ya Kwale, mwaka 2015 linalionesha hilo kwa uwazi. Wakishukiwa kwa kosa la mahusiano ya jinsia moja, walifanyiwa, kwa amri ya hakimu, uchunguzi wa kitabibu wa sehemu za siri pamoja na vipimo vya damu, ili matokeo yake yatumike kama ushahidi dhidi yao. Mahakama Kuu mjini Mombasa ililitupa ombi lao mwaka 2016. Mnamo Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo na kutamka kuwa uchunguzi wa namna hiyo ulikiuka haki zao za kikatiba, ikiwemo haki ya utu.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni ridhaa. Saini ya mtu aliye chini ya ulinzi wa polisi, mbele ya daktari aliyeletwa na waliomkamata, haiwezi kusomwa kama saini ya mgonjwa aliyekwenda hospitalini kwa miguu yake. La pili ni thamani ya kipimo chenyewe. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha azimio la kuupinga uchunguzi wa lazima wa aina hiyo. Hapa taaluma na haki zilikutana: kipimo kilichokuwa kikimdhalilisha mtu hakikuwa pia na uwezo wa kisayansi wa kuthibitisha kilichodaiwa. Jaji ambaye angeuliza mapema swali la kawaida la kitaalamu, yaani kipimo hiki kinapima nini na kwa uhakika gani, angefika mlango ule ule aliofikia jaji aliyeanza na swali la utu.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa jaji chombo cha wazi katika ibara ya 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi uondolewe iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Kwa nchi ambazo katiba zao hazina sharti kama hilo, kazi hiyo imeachwa kwa hiari ya jaji. Ni eneo ambalo washauri wa sera wanapaswa kulitazama.

5.0 Dola Inapotanguliza Sayansi

Mashauri ya jinai yanamkabili mtu mmoja na taarifa moja. Katika mashauri ya ardhi na mazingira, mara nyingi ni jamii nzima inayokabiliwa na hoja ya kitaalamu iliyotolewa na dola. Mnamo Oktoba 2009 Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau nchini Kenya, walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni. Sababu iliyotolewa ilikuwa na sura ya kisayansi: msitu ni chanzo cha maji na lazima uhifadhiwe. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililifikisha shauri mbele ya Mahakama ya Afrika mwaka 2012.

Katika hukumu yake ya Mei 26, 2017, Mahakama haikupinga kwamba uhifadhi ni lengo halali. Iliuliza swali finyu zaidi: uko wapi ushahidi kuwa kuwepo kwa Waogiek ndiko kunakoharibu msitu? Serikali haikuuleta. Kinyume chake, ripoti zilizoandaliwa na Serikali yenyewe au kwa ushirikiano nayo zilionesha kuwa sababu kuu zilikuwa uvamizi wa makundi mengine, hatua za Serikali za kumega ardhi ya msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti vilivyotolewa bila busara. Mahakama iliona ukiukwaji wa haki kadhaa, zikiwemo haki ya mali, ya utamaduni, ya dini na ya maendeleo. Juni 23, 2022 iliamuru fidia ya Shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali.

Kipimo hicho kilitumika pia kwa walalamikaji. Madai kwamba haki ya kuishi ilikiukwa yalikataliwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuunganisha kuondolewa msituni na vifo vilivyodaiwa. Hukumu inayodai sababu kwa dola na kwa jamii kwa mizani ile ile ina nguvu zaidi kuliko ile inayoongozwa na huruma peke yake, kwa kuwa aliyeshindwa hawezi kudai kwamba mizani ilipinda.

Lakini mizani ile ile haimaanishi mifuko ile ile. Nani analipia utaalamu? Swali hilo lilikuwa zito katika shauri la wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, madini yanayodhuru hasa ubongo wa mtoto. Madhara ya risasi hayaonekani kwa macho. Huonekana katika kipimo cha damu na cha udongo, na vipimo hivyo vina gharama. Mnamo Julai 16, 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilikitengua kiwango hicho cha fidia, na Desemba 6, 2024 Mahakama ya Juu ikakirejesha.

Safari hiyo ya ngazi tatu inatufundisha kuwa katika madhara ya umma, kumtaka kila mkazi alete mtaalamu wake na kipimo chake ni sawa na kumfungia mlango. Ibara ya 70(3) ya Katiba ya Kenya imeliona hilo: anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kanuni ya tahadhari inaelekea huko huko: pale sayansi inapoonesha hatari kubwa lakini uhakika kamili haujapatikana, kukosekana kwa uhakika kusiwe kisingizio cha kutochukua hatua. Kwa jaji, maana yake ni kwamba shaka ya kisayansi haiangukii siku zote upande wa mlalamikaji.

6.0 Lugha ya Mtaalamu na Haki ya Kuelewa

Masharti yote yaliyojadiliwa hapo juu yanategemea jambo lililo ndani ya uwanja wa wanataaluma wa Kiswahili: kuelewa. Haki ya kumhoji daktari ni haki tupu kwa mtu asiyeelewa alichoandika daktari. Kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiacha nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapodai. Nchini Kenya, ibara ya 50(2)(m) ya Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Hatua hizi ni kubwa. Hata hivyo, lugha ya shauri inaweza kuwa Kiswahili huku kiini cha ushahidi kikibaki katika lugha ya maabara.

Ugumu haupo katika majina ya vitu. Kiswahili kina vinasaba, kemia ya sumu na uchunguzi wa maiti. Ugumu upo katika kiwango cha uhakika. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso uliotolewa mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2022, inamtaka daktari aeleze uhusiano wa jeraha na maelezo ya mhanga kwa ngazi tano. Makala haya yanapendekeza ngazi hizo zielezwe hivi: jeraha haliendani na maelezo, yaani lisingeweza kusababishwa na tendo lililotajwa; linaendana nayo, yaani lingeweza kusababishwa nalo lakini vyanzo vingine ni vingi; linaendana nayo sana, yaani vyanzo vingine ni vichache; ni la kawaida kwa tendo hilo, yaani ndilo ambalo kwa desturi huonekana baada ya tendo hilo, ingawa vyanzo vingine vyawezekana; na halina chanzo kingine, yaani lisingeweza kutokea kwa njia nyingine yoyote.

Mkalimani asiye na msamiati huo huzifanya ngazi zote nne za juu kuwa neno moja: linathibitisha. Daktari aliyesema kwa tahadhari kwamba jeraha linaendana na kipigo husikika akisema kuwa kipigo kimethibitika. Katika shauri la mateso, kosa hilo linaweza kumtia hatiani askari asiyehusika. Likigeuka, kwa linaendana sana kutafsiriwa kuwa huenda, linaweza kumnyima mhanga wa mateso haki yake. Vivyo hivyo, kauli kwamba hakuna dalili zilizoonekana si sawa na kauli kwamba tukio halikutokea, ijapokuwa katika kumbukumbu zilizofupishwa kauli hizo mbili husomeka kama moja.

Tarakimu nazo zinahitaji lugha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaalamu wa vinasaba anasema kuwa uwezekano wa mtu yeyote asiyehusika kulingana na sampuli iliyopatikana ni 1 kati ya 1,000,000. Hilo si sawa na kusema uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni 1 kati ya 1,000,000. Katika jiji la watu 5,000,000, tungetarajia watu wapatao 5 walingane na sampuli hiyo. Kinachomtofautisha mshtakiwa na wengine ni ushahidi mwingine wa shauri. Jaji asiyeieleza tofauti hiyo katika hukumu yake anakuwa ameiacha tarakimu imhukumu mtu badala ya mahakama.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo matano yanatolewa. Kwanza, fomu za taarifa za kitabibu ziandaliwe kwa Kiswahili, zikiwa na sehemu nne zilizotengana: niliyoambiwa, niliyoyaona, ninayoyahitimisha na nisiyoweza kuyasema. Mgawanyo huo peke yake utapunguza migogoro mingi ya rufaa. Pili, maelezo ya mahakama kwa mshtakiwa kuhusu haki ya kumwita mtaalamu, pamoja na jibu lake, yaandikwe neno kwa neno katika mwenendo wa kesi. Neno sina lisitoshe. Tatu, mipango ya msaada wa kisheria ihusishe gharama za mtaalamu wa utetezi na wa jamii zilizoathirika, kwa kuwa wakili asiye na mtaalamu hana cha kuuliza. Nne, vyombo vya kukuza Kiswahili, kama vile BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vishirikiane na mahakama, madaktari na wakemia kusanifisha msamiati wa viwango vya uhakika. Tano, mafunzo ya majaji na mahakimu yalenge maswali kuliko majibu: jaji hahitaji kujua kupima risasi katika damu, bali anahitaji kujua la kumuuliza aliyeipima.

8.0 Hitimisho

Mashauri yaliyojadiliwa yanatofautiana kwa nchi, kwa ngazi ya mahakama na kwa aina ya haki iliyobishaniwa. Yanachokubaliana ni kwamba maoni ya mtaalamu hupata uzito kutokana na sababu zake, si kutokana na cheo cha aliyeyatoa. Na kwamba sababu hizo ni lazima zifike masikioni mwa mtu ambaye maisha yake yanaamuliwa. Mahakama ikilitimiza hilo, mshtakiwa wa mahakama ya wilaya bado anaweza kujibu kuwa hana pingamizi. Tofauti ni kwamba, safari hii, atakuwa anajua ni kitu gani ambacho hakipingi.